Soma daftari la mtoto kabla ya kumwita mvivu

Ijumaa jioni, kabla sare hazijalowekwa, fungua begi la mtoto wako wa darasa la kwanza au la pili utoe madaftari yote ya wiki. Usianze kuhesabu vema na makosa. Hayo mwalimu ameshayaona. Nakuomba uyasome kama ninavyoyasoma mimi ninapoletewa mtoto kliniki na maelezo kwamba "darasani haelewi". Soma Jumatatu hadi Ijumaa, ukurasa kwa ukurasa, ukitafuta makosa yanatokea katika kazi gani na saa ngapi.

Mzazi akija na mtoto wa aina hiyo humwomba arudi na madaftari. Wengine hushangaa, maana walitarajia kipimo cha damu. Damu tutapima ikihitajika, lakini daftari la siku tano mara nyingi huniambia nianze na jicho, sikio au tumbo. Mtoto wa miaka sita hajui kusema "sioni ubaoni". Ameona hivyo hivyo siku zote, na anadhani sisi sote tunaona hivyo.

Anza na kazi zilizonakiliwa kutoka ubaoni, kisha zilinganishe na zile alizonakili kutoka kitabuni. Kama za kitabuni ziko sawa, lakini za ubaoni zimerukwa mistari, 3 imekuwa 8 na alama ya kujumlisha imekuwa ya kutoa, shaka yangu ya kwanza ni macho. Muulize mwalimu kama mtoto husogea mbele, hufinya macho au huchungulia daftari la jirani. Huyu wa mwisho ndiye anayeadhibiwa kwa kuibia, wakati daftari la jirani ndilo ubao pekee anaoweza kuusoma.

Nyumbani, simama naye mita kama tatu kutoka kwenye kalenda ya ukutani yenye tarakimu kubwa. Mfunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, asome. Kisha funika jingine. Angalia kama jicho moja linasoma na lingine linakwama, na kama mtoto mwingine wa rika lake, akisimama palepale, anasoma asichosoma wako. Hiki si kipimo cha hospitali, na akifaulu haina maana kwamba macho ni mazima kabisa. Lakini akikwama, usisubiri. Jicho moja linaweza kuwa dhaifu na mtoto asilalamike, kwa sababu lingine linafanya kazi ya yote mawili. Ubongo ukizoea kulipuuza lile dhaifu, uoni wake hudumaa, na matibabu hufanya kazi vizuri zaidi yakianza mapema, hasa kabla ya miaka saba au minane. Ndiyo maana sipendi kusikia "tusubiri afike la nne". Wala miwani haiharibu macho ya mtoto. Anayeivua na kuona ukungu alikuwa na ukungu huo tangu mwanzo; sasa ameijua tofauti.

Sasa fungua daftari la imla. Hapa ubao haupo, mtoto anategemea masikio peke yake. Sauti kama s, sh, f, t na k ni nyepesi, na ndizo hupotea kwanza usikivu ukipungua kidogo. Nakumbuka binti wa miaka saba ambaye wazazi wake walikuwa wameshaambiwa arudie darasa. Kazi zake za kunakili zilikuwa safi kabisa. Kwenye imla, "sufuria" ilikuwa "ufuria", "kofia" imekuwa "koia", "shoka" imebaki "oka". Mama alisema nyumbani anasikia vizuri, ila hupenda televisheni kwa sauti ya juu, na usiku hukoroma akiwa ameacha mdomo wazi. Nyuma ya ngoma za masikio yake yote mawili kulikuwa na majimaji. Hakuwa na homa wala maumivu. Hali hii huwapata sana watoto wadogo wenye mafua ya mara kwa mara, na mara nyingi huisha yenyewe ndani ya miezi mitatu hivi. Isipoisha, au ikianza kuharibu masomo, daktari wa masikio, pua na koo lazima amwone. Binti yule alihamishiwa dawati la mbele wakati tukifuatilia, akatibiwa, na hakurudia darasa.

Hapa niweke angalizo. Anayeandika "kura" badala ya "kula" huenda masikio yake ni mazima. Anaandika kama bibi yake anavyotamka. R na l zinawasumbua hata wabunge. Lakini sikio linalotoa usaha kwa wiki mbili au zaidi, hata kama haliumi, ni ugonjwa unaoweza kula usikivu kidogo kidogo. Usimwagie mafuta ya moto, maji ya kitunguu wala dawa ya jirani, na usichokonoe kwa kijiti cha pamba. Mpeleke.

Kuna kosa jingine ambalo wengi hulipita. Mtoto anaandika vizuri, halafu katikati ya sentensi mstari unakatika au kalamu imeburuzika, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu anasema "anaota mchana". Ikiwa mtoto hukodoa macho ghafla kwa sekunde chache, haitiki akiitwa wala akiguswa, pengine anapepesa kope, kisha anarudi kwenye shughuli yake bila kujua, na hilo linatokea mara nyingi kwa siku, inaweza kuwa aina ya kifafa kisichoangusha mtu. Si mashetani wala si dharau. Mrekodi kwa simu ukiweza, uje na video hiyo. Tunazo dawa, na watoto wengi hutulia vizuri wakizitumia kila siku kama walivyoelekezwa.

Angalia pia mwandiko unavyobadilika. Asubuhi herufi zimesimama. Kuelekea saa tano zimelala na nusu ya kazi haikukamilika. Jumatatu mtoto yuko sawa, Alhamisi anasinzia. Huyu huenda ana njaa au usingizi, na wakati mwingine vyote viwili. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji kulala saa tisa hadi kumi na mbili kwa usiku mmoja. Fanya hesabu mwenyewe: kama gari la shule linamlazimu kuamka saa kumi na moja alfajiri, basi saa mbili usiku awe ameshalala, na hapo amepata kiwango cha chini tu. Najua hiyo ndiyo saa ya tamthilia na ndiyo saa baba anaingia nyumbani. Kama mnaweza kupata shule iliyo karibu zaidi, mimi daktari nitawaunga mkono kabla hata sijaona matokeo yake ya mitihani.

Kuhusu chakula, kikombe cha chai ya rangi na andazi havimfikishi saa sita. Uji wenye maziwa au karanga, yai, viazi, au kiporo cha wali na maharage kilichohifadhiwa vizuri na kupashwa moto hadi ndani, vyote ni kifungua kinywa cha maana. Chai iwe mbali kidogo na mlo, kwa sababu inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Vuta kope la chini la jicho utazame ndani, kisha tazama viganja. Vikiwa vyeupe kuliko vyako, au mtoto anakula udongo na mkaa, hapo ndipo kipimo cha damu kinapokuja. Siku shule inapogawa dawa za minyoo na kichocho, asikose, na ale kabla ya kumeza.

Na kurasa za katikati zilizochanwa? Kabla ya kugomba, muulize choo cha shule kikoje. Watoto wengi huchana daftari kwa sababu chooni hakuna maji, na wapo ambao hawaingii kabisa kwa kuogopa tundu, giza au wakubwa. Hawa hukataa kunywa maji mchana kutwa, hubana mkojo na haja kubwa, kisha wewe unaona nguo ya ndani yenye unyevu, maumivu ya tumbo kila asubuhi ya shule, au mkojo unaochoma. Kufunga choo kwa muda mrefu kunaweza hata kumfanya ajichafue bila kukusudia. Kumcheka kunazidisha. Hapa nakutuma kwenye kikao cha wazazi kabla ya kukutuma maabara, ingawa mkojo unaochoma lazima upimwe.

Yapo yasiyohitaji daktari. Kugeuza b kuwa d, au kuandika 3 ikitazama upande mwingine, ni kawaida katika miaka miwili ya kwanza ya shule. Kuandika kwa mkono wa kushoto hakuna dawa kwa sababu si ugonjwa. Usimfunge mkono wala usiruhusu mtu amlazimishe wa kulia.

Ukiamua kuja kituo cha afya, njoo na daftari la kunakili na la imla, video kama ipo, na majina ya dawa zote alizotumia hivi karibuni, za hospitali na za nyumbani. Zungumza kwanza na mwalimu wa darasa, umwombe akuandikie mistari miwili mitatu ya anachokiona. Na usingoje majibu ya kliniki ndipo umwombe amhamishe: Jumatatu mtoto akae safu ya mbele, karibu na ubao, sikio lake zuri likielekea kwa mwalimu.