Kiti Kilichobaki Mabanga

Alfajiri ya Alhamisi, 27 Mei 2021, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini aliamuru wakazi wa mitaa 10 ya mji wa Goma wahame. Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini ilikuwamo. Siku tano kabla, jioni ya Jumamosi, mlima Nyiragongo ulikuwa umepasuka, na tangu hapo ardhi ilitetemeka usiku na mchana. Watu walitoka na kile ambacho kichwa na mgongo vingeweza kubeba: godoro, sufuria, bidoni ya maji, mtoto. Waliopata chukudu, kigari cha mbao cha kusukuma, walipakia magunia. Nyumbani kwetu, kiti cha babu kilibaki. Mama alikifunika kitenge, akafunga mlango kwa kufuli, tukashika njia ya Sake.

Tuliporudi mwezi Juni tulikikuta palepale, kitenge kimejaa vumbi jeusi la volkano. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umelegea, huenda kwa mitetemeko, huenda kwa uzee tu. Nilikalia kiti hicho utotoni bila kukitazama. Siku ile nilikitazama kwa mara ya kwanza.

Hakina nakshi hata moja. Miguu yake ya mbele ni minene juu na myembamba chini, tena imeinama kidogo kwa nje, kama mtu aliyejiandaa kusukuma mzigo. Mikono yake imechongwa bapa, inapanuka pale kiganja kinapotua, kama kafi la mtumbwi wa Ziwa Kivu. Mgongo umelala nyuma kiasi cha mtu kupumzika bila kusinzia. Mto wa kukalia unatoka. Chini yake kuna fremu tupu. Nyumbani tulikiita fotee ya babu. Wauzaji wa vitu vya kale Ulaya na Marekani wanakiweka katika mtindo wa kisasa wa katikati ya karne ya 20, ule ulioanza kushika kasi baada ya vita vilivyokwisha 1945 na kutamba hadi miaka ya 1960.

Mtindo huo ulikuwa na imani moja: samani ya nyumbani iwe nyepesi, iwe wazi, na mbao ijisemee yenyewe. Makabati mazito yenye maua ya kuchonga yaliachwa. Huko Denmark, Hans Wegner alibuni mwaka 1949 kiti cha mviringo ambacho John Kennedy alikalia katika mdahalo wake na Richard Nixon, Septemba 1960, mbele ya kamera za televisheni. Ubelgiji nako alikuwako Jules Wabbes, aliyezaliwa 1919 na kufariki 1974, ambaye meza na madawati yake ya kazi yanasifiwa hadi leo kwa mbao nyeusi yenye michirizi myembamba. Mbao hiyo ni wenge, na wenge hutoka katika misitu ya bonde la Kongo.

Hapo ndipo hadithi inapogeuka kuwa yetu. Samani ambazo leo zinawekwa kwenye maonyesho ya Brussels, nyingine zilianza kama miti iliyoanguka katika nchi hii. Na si mbao peke yake. Kati ya 1949 na 1959 Wabelgiji walitekeleza mpango wa miaka 10 wa kujenga shule, hospitali, ofisi na nyumba za wafanyakazi katika Kongo yao, na kila jengo lilihitaji viti, meza na makabati. Vingine vililetwa kwa meli. Vingine vilitengenezwa hapahapa, pia katika karakana za misheni ambako vijana wa Kikongo walifundishwa randa na patasi. Majina yao hayakuandikwa chini ya viti.

Baada ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wazungu wengi waliondoka kwa haraka. Wengine walifuata baada ya Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yawe mikononi mwa Wazaire, yaani Wakongo wa wakati huo. Mwenye kukimbia habebi kabati. Hilo tunalijua sisi kuliko wengi. Samani zao zilibaki kwa wapishi, makarani, watunza bustani na majirani. Kwa simulizi ya nyumbani kwetu, kiti cha babu kilipatikana namna hiyo: mwajiri wake alikiacha, babu akakibeba.

Mbao yake ni mvule. Fundi wa mbao niliyempelekea aliitambua kabla hata hajakigeuza: rangi ya kahawia yenye dhahabu ndani, iliyozidi kukolea kwa miaka. Mvule una mafuta yake na hauliwi ovyo na mchwa. Una siri nyingine pia. Ndani ya mti ulio hai, chokaa hujikusanya na kuganda hadi kuwa jiwe, na msumeno ukikutana nalo meno yake huisha. Kwa Kilingala mabanga ni mawe, na mtaa wetu umesimama kweli juu ya mawe meusi yaliyowahi kuwa moto. Nilipojua kwamba kiti chetu kimetoka katika mti unaobeba jiwe tumboni, nilihisi kwamba hakikukosea njia kuja hapa.

Fundi huyo hufanyia kazi kando ya barabara, chini ya bati, maranda yakiwa yametapakaa juu ya mawe. Mikono yake hutengeneza vitanda, milango, kuta za nyumba zetu za mbao, na siku za huzuni majeneza. Nilimpelekea kiti nikitaka apige misumari miwili. Alikataa. Alinieleza kwamba msumari hupasua mbao kavu ya miaka 60, na kwamba aliyetengeneza kiti hiki hakutumia hata mmoja. Kila kiungo ni ulimi wa mbao ulioingia katika tundu la mbao na kushikwa kwa gundi.

Alichofanya kilichukua siku nne. Alifunga kitambaa chenye maji moto kwenye kiungo kilicholegea, kwa sababu gundi ya kale iliyopikwa kwa ngozi na mifupa hulainika kwa joto na unyevu. Akagonga taratibu kwa nyundo ya mti hadi mguu ukatoka mzima. Akakwangua gundi iliyokufa, akaongeza kipande chembamba cha mbao mahali ulimi ulipopungua, akatia gundi mpya na kukaza kwa kamba usiku kucha. Mikanda ya mpira iliyobeba mto ilikuwa imekauka na kukatika. Akaikata mipya kutoka mpira wa ndani wa tairi, ule ule ambao mji huu huutumia kufungia kila mzigo. Mwisho akaifuta mbao kwa mafuta, bila rangi na bila vanishi nzito. Ile dhahabu ikarudi.

Siku hizo nne zilinifundisha namna ya kutazama. Anayekuta samani ya aina hii kwa jirani, au ikiuzwa sokoni Birere kwa bei ya kuni, aigeuze kwanza. Uzuri wa mbele unaweza kudanganya, ila chini na nyuma ya droo hapadanganyi. Pembe za droo zikiwa zimefumana meno kwa meno, aliyetengeneza alijua kazi. Tundu ndogo zinazotoa unga mpya mweupe ni za bungua ambao bado wanakula; tundu kavu ni makovu tu. Ncha za miguu zitazamwe pia, kwa kuwa sakafu zetu za saruji hudekiwa kwa maji mengi na mbao hunywa kutoka chini; kipande cha mpira chini ya kila mguu kinatosha kuzuia. Na kabati likiwa limevikwa tabaka jembamba la mbao ya thamani, lisisuguliwe kwa msasa kwa nguvu: tabaka hilo likiisha halirudi.

Nasema haya kwa sababu nimeona mwisho mbaya wa vitu hivi. Mguu mmoja ukivunjika, kiti hutupwa nje, mvua inakipiga, na siku makala yakiadimika, yaani mkaa kwa Kiswahili cha Goma, kinaingia jikoni. Mti uliokua miaka mingi unapika maharage ya siku moja. Wakati huohuo tunanunua seti ya viti vinene vya sponji na kitambaa king'aacho, ambayo ndani yake ni mkaratusi mbichi uliopigwa misumari kabla haujakauka. Baada ya miaka michache fremu inapinda, na haifunguki kurekebishwa, kwa hiyo inatupwa yote. Kisha mti mwingine unakatwa. Misitu inayouzunguka mji huu imeshabeba mzigo wa kutosha tangu mamia ya maelfu ya wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda mwaka 1994 na kuhitaji kuni. Kiti cha zamani kinachokarabatiwa ni mti ambao haukukatwa.

Simlaumu anayenunua kipya. Mji wetu umefundishwa kutopenda vitu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma hadi ziwani na kumeza nyumba pamoja na vyote vilivyokuwamo. Mwaka 2021 ikaja tena. Januari 2025 vita viliingia mjini, na milango mingi ilifunguliwa na wasio wenyeji wake. Mtu aliyepoteza sebule mara tatu ana haki ya kuuliza kwa nini ajali mguu wa kiti.

Jibu nililipata siku ya kukichukua kiti. Ukutani mwa karakana, kwenye msumari, kulikuwa na karatasi ya mfuko wa saruji. Kabla ya kuunganisha, fundi alikuwa ameweka kila kipande juu yake na kukizungushia penseli: mguu wa mbele na mwinamo wake, mkono uliochongwa kama kafi, pembe ya mgongo. Alitaka kumfundisha kijana wake kukitengeneza upya, kwa mkaratusi uliokaushwa vizuri kivulini hadi utulie. Mama amekwisha kuagiza kimoja.

Kabla sijaondoka nilimwomba anichoree karatasi ya pili. Ninayo ndani ya bahasha moja na vyeti vya watoto. Tukiambiwa tena tutoke alfajiri, kiti kitabaki kama kilivyobaki mara ile, chini ya kitenge cha mama. Karatasi hii inakunjika mara nne na kuingia mfukoni.