Je, Wajua? Kamera Ukingoni mwa Ngorongoro

Kambi ya mafunzo ya picha za mandhari kwenye loji ya kifahari hutangazwa kwa chakula chake, vyumba vyake na mwalimu mwenye jina. Ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, thamani yake halisi ni mahali pa kusimama, saa ya kusimama, na mwenyeji anayevijua vyote viwili.

Je, wajua kwamba machweo ya Ngorongoro hayapigwi picha kutoka chini kretani? Magari huruhusiwa kushuka kuanzia saa 12 asubuhi, na yote hutakiwa yawe yametoka saa 12 jioni. Jua la huko huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 usiku, mwaka mzima. Mgeni wa kawaida hana njia ya kuyaona machweo akiwa sakafuni. Picha hiyo hupigwa ukingoni, yapata mita 600 juu. Hapa ndipo loji ya ukingoni inapostahili bei yake, kwa sababu anayelala mjini Karatu, nje ya hifadhi, huwa yuko barabarani wakati anga linaiva.

Tena ukingo una pande. Loji iliyo upande wa mashariki hutazama jua likizama ng'ambo ya kreta, na ya upande wa magharibi hulitazama likichomoza. Watu hulipa fedha nyingi bila kuuliza jambo hili.

Je, wajua kwamba jua likishachomoza, sakafu ya kreta bado huwa kivulini? Ukisimama kilomita 5 kutoka ukuta wa mashariki, jua lazima lipande takriban nyuzi 7 ndipo likufikie. Hupanda nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo una karibu nusu saa ya kivuli cha bluu chini na dhahabu juu ya ukuta wa magharibi. Wengi huiacha kamera begini wakisubiri mwanga "ufike". Nusu saa hiyo ndiyo mali yenyewe.

Karibu na Ikweta jua huchomoza na kuzama karibu wima. Utusitusi wa kutosha kuona bila taa hudumu dakika zipatazo 22 tu, wakati London katikati ya Juni hudumu zaidi ya dakika 40. Mpigapicha aliyezoea Ulaya hujikuta giza limeingia bado anafunga lenzi. Stendi ya miguu mitatu isimamishwe jua likiwa bado juu.

Sasa ukungu, maana huo ndio unaowaliza wageni. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zikiwa na unyevu hugonga nyanda za juu za Ngorongoro, hupanda, hupoa, na unyevu hugeuka mawingu. Ndiyo maana miteremko ya mashariki imevaa msitu mzito, na upande wa magharibi, kuelekea Olduvai, ni nchi kavu ya vumbi. Ukingo uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mara nyingi wingu huukalia, ukafungua dirisha asubuhi usione hata mti wa mbele ya chumba. Mgeni asiyejua hurudi kulala. Dereva mwenyeji huwasha gari, kwa kuwa anajua kwamba wingu likiwa limelala ukingoni, chini kunaweza kuwa kweupe, na miale ya jua ikipenya kwenye matundu ya wingu na kuanguka juu ya Ziwa Magadi la kretani. Picha nyingi bora za kreta ni za siku ambazo kule juu zilionekana mbovu. Kwa maoni yangu, maarifa hayo ya dereva yana thamani kuliko lenzi yoyote, na ni haki jina lake litajwe picha inapochapishwa.

Baridi ya ukingoni ina adabu yake pia. Ukitoka nje kwenye baridi kali na kuingia sebuleni penye moto, kioo cha kamera hupata jasho papo hapo. Ifunge begini kabla hujaingia, na usilifungue begi mpaka kamera imepata joto la chumba. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, kwa sababu baridi huinyong'onyesha.

Je, wajua kwamba huruhusiwi kushuka garini ovyo kretani? Ni sehemu chache tu zilizotengwa, kama kando ya maji ya Ngoitokitok. Stendi ya miguu mitatu haina kazi ndani ya gari, ndiyo maana wazoefu hubeba mfuko mtupu wa kitambaa, wakafika sokoni wakaujaza maharage au mchele, wakauweka juu ya dirisha na kulaza lenzi hapo. Injini izimwe, la sivyo mtikisiko wake utaingia kwenye picha.

Kwa anayetaka mwezi: siku ya mwezi mpevu, mwezi huchomoza karibu na wakati jua linapozama, na ardhi huwa inaanza kugiza. Siku moja kabla, huchomoza mapema zaidi, kreta ikiwa bado na mwanga. Mmarekani Ansel Adams aliipiga picha yake mashuhuri ya kijiji cha Hernandez tarehe 1 Novemba 1941, mwezi ukiwa bado haujatimia. Hakukiona kipima mwanga chake, akakokotoa kwa kichwa kutokana na mng'ao wa mwezi alioujua.

Nyota nazo: ukiacha lenzi wazi kwa muda mrefu ukitazama mashariki, mistari ya nyota hupanda karibu wima. Ulaya huenda mshazari.

Je, wajua kwamba ukingoni hapo wamelala baba na mwana waliowaonyesha walimwengu nchi hii kwa kamera? Michael Grzimek, Mjerumani, alikufa Januari 1959 ndege yao iliyopakwa milia ya punda milia ilipogongana na tumbusi wakati wa kazi ya Serengeti. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar ya filamu ya hali halisi. Bernhard, baba yake, alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa kuzikwa kando ya mwanawe.

Picha ya mandhari hubaki kuwa ushahidi. Picha za Carleton Watkins za bonde la Yosemite, alizopiga mwaka 1861, zilisaidia kulishawishi Bunge la Marekani kulilinda bonde hilo mwaka 1864. Kwetu, Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler waliupima Kilimanjaro kwa picha mwaka 1912. Wanasayansi walipolinganisha kipimo hicho na hali ya mwaka 2007, walikuta takriban asilimia 85 ya barafu imetoweka. Basi usiidharau picha yako ya leo, na uiandikie tarehe.

Kurusha droni hifadhini bila kibali ni marufuku. Na Ngorongoro, tofauti na hifadhi ya taifa, ni eneo ambalo Wamaasai wanaishi na kuchunga. Mama anayepita na punda wake hayumo katika mandhari yako mpaka umwamkie, umwombe, akubali. Akikataa, teremsha kamera.

Jambo la mwisho ni letu sisi wa Afrika Mashariki. Kiingilio chetu hulipwa kwa shilingi, na ni kidogo mno ukilinganisha na dola anazolipa mgeni. Hamhitaji loji ya kifahari wala mwalimu kutoka ng'ambo: kusanyeni marafiki, kodini gari moja, lalani mahali pa bei nafuu kule juu ukingoni. Kabla ya kulipa, ulizeni maswali mawili tu: mahali penu panatazama upande gani, na dereva atakuwa tayari kuondoka saa ngapi alfajiri.