Pampu ya Pumu: Kufungua Njia ya Hewa Siyo Kuponya Uvimbe

Kamati ya parokia inapoombwa kuchangia dawa za wagonjwa wa pumu, mara nyingi kinachotajwa kwanza ni pampu ya buluu yenye dawa ya salbutamoli. Ni dawa njema, nayo imeokoa maisha ya wengi. Lakini mgonjwa anayeitegemea hiyo peke yake yumo hatarini, hata kama anajisikia nafuu. Makala hii inaeleza sababu, ili michango yetu iwafae wagonjwa kama tunavyokusudia.

Pumu ni nini hasa?

Ndani ya mapafu kuna mirija mingi inayopitisha hewa. Kila mrija umezungukwa na misuli laini. Kwa mgonjwa wa pumu mambo matatu hutokea. Kwanza, misuli hiyo hujikaza na kuubana mrija. Pili, ngozi laini ya ndani ya mrija huvimba. Tatu, ute mzito huongezeka na kuziba nafasi iliyobaki. Ndiyo maana mgonjwa hukohoa, kifua hubana, na pumzi hutoka kwa mlio wa filimbi.

Kubana kwa misuli huja na kuondoka. Uvimbe, kinyume chake, unaweza kuwapo hata siku ambazo mgonjwa anajiona mzima. Uvimbe huo ndio unaoufanya mrija uwe mwepesi kujibana kwa moshi, vumbi, baridi au mafua.

Salbutamoli inafanya kazi gani?

Dawa hii ikivutwa, hulegeza misuli iliyojikaza. Ndani ya dakika chache njia hufunguka, na nafuu hudumu kwa saa 4 hadi 6 hivi. Hata hivyo, haiponyi uvimbe.

Tuchukue mfano wa mpira wa kumwagilia bustani. Mtu akiukanyaga, maji hukwama. Akiondoa mguu, maji hupita. Lakini kama ndani umejaa tope, kuondoa mguu hakutoshi. Salbutamoli huondoa mguu, tope linabaki.

Hatari iko hapa: kwa kuwa nafuu huja haraka, mgonjwa huiamini pampu hiyo, naye huivuta mara nyingi zaidi huku uvimbe ukiendelea. Tena, mwili ukizoea dawa hii kila siku, nguvu yake hupungua. Wataalamu wanaonya kwamba mgonjwa anayemaliza makopo 3 au zaidi kwa mwaka, kila kopo likiwa na mivuto 200, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio kali. Akifikia makopo 12, hatari ya kufa huongezeka.

Dawa ya kuzuia

Kinachotuliza uvimbe ni dawa ya steroidi ya kuvuta, kama vile beklometasoni au budesonidi. Haileti nafuu ya papo hapo. Hufanya kazi polepole, kwa siku na majuma, na wengi huiacha wakidhani haifai. Utafiti wa Saskatchewan, Kanada, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kwa kila kopo moja zaidi la steroidi ya kuvuta ambalo mgonjwa alitumia katika mwaka, hatari ya kufa kwa pumu ilipungua kwa takriban asilimia 21. Baada ya kuivuta, mgonjwa asukutue mdomo kwa maji na kuyatema, ili asipate utando mweupe mdomoni.

Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kupendekeza salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana wa miaka 12 na zaidi. Kila mgonjwa wa rika hilo apate pia steroidi ya kuvuta. Ipo pampu moja inayounganisha budesonidi na formoteroli, yaani dawa ya uvimbe na dawa ya kufungua njia kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2017.

Jambo hili si dogo. Shirika hilo lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu 455,000 walikufa kwa pumu duniani, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako dawa hizi ni adimu.

Chupa ya plastiki inayosaidia

Watoto wengi hushindwa kubonyeza pampu na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja, na dawa huishia kinywani. Madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 ilifungua njia ya hewa ya watoto karibu sawa na kifaa cha dukani. Tundu lenye umbo la mdomo wa pampu hutobolewa kwenye kitako cha chupa, na pampu hubanwa hapo kwa gundi pasiwe na mwanya. Mtoto huvuta pumzi kupitia mdomo wa chupa. Bonyeza mara moja, mtoto apumue taratibu mara kadhaa, ndipo ubonyeze tena.

Kamati zifanye nini?

1. Ulizeni zahanati yenu: je, steroidi ya kuvuta ipo, au ni salbutamoli tu?
2. Mkinunua dawa, nunueni zote mbili, kwa ushauri wa tabibu.
3. Angalieni jina la dawa, si rangi ya pampu, maana rangi hutofautiana.
4. Wahimizeni wagonjwa wasiache dawa ya kuzuia kwa sababu tu wamepata nafuu.
5. Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi apelekwe hospitali mara moja, akiendelea kuvuta salbutamoli njiani.

Ndugu wafadhili, pampu ya buluu humvusha mgonjwa usiku wa leo. Tumpe na ile itakayomlinda mwaka mzima.