Nani Aingie Kwanza? Kungoja Munganga Kwetu na Katika Inchi Zingine



Ninyi mnajua kungoja. Asubuhi sana, jua halijatoka bado, mama anafunga mtoto mgongoni, anachukua fishi na chupa ya maji, anashika njia. Akifika kliniki anakuta mabenchi yamekwisha kujaa. Anangoja kupima kilo. Anangoja sindano. Anangoja munganga. Anangoja dawa. Siku zingine saa sita ya mchana inapita na jina lake halijaitwa. Moyo unachoka. Halafu anaona mama mwingine aliyefika nyuma anaingizwa mbele. Hapo maneno yanaanza kwenye benchi: "Juu ya nini yule anatupita? Ni ndugu ya munganga? Ametoa kitu?"

Hilo ni ulizo la haki, na linafaa kupata jibu. Soma hapa pole pole, kisha usomee na mwenzako asiyejua kusoma.

JE, NI KWETU TU WATU WANANGOJA?

Hapana. Watu wanangoja hata katika inchi tajiri.

Tutazame Uingereza. Toka tarehe 5 Julai 1948, mgonjwa wa huko anatunzwa na hospitali za serikali bila kulipa mlangoni. Ni jambo zuri sana. Lakini kungoja hakukuisha. Toka mwaka 2004 serikali ilijiwekea kipimo: mtu anayefika chumba cha wagonjwa wa haraka atunzwe, alazwe au arudishwe nyumbani katika saa 4. Miaka ya sasa kipimo hicho mara nyingi hakifikiwi. Na yule anayehitaji kupasuliwa kwa ugonjwa usio wa haraka anaahidiwa kwamba ataanza matibabu katika majuma 18. Lakini mwaka 2023 orodha ya kungojea matibabu katika sehemu ya England peke yake ilipita milioni 7.

Tutazame Sweden, inchi ya baridi huko kaskazini mwa Ulaya. Sheria yao inasema: mgonjwa apate kusema na kituo cha afya siku ile ile, aonwe pale katika siku 3, akitumwa kwa munganga wa ugonjwa fulani, aonwe katika siku 90, na matibabu yakikatwa shauri, yafanyike katika siku 90 zingine. Mama, hesabu: 90 na 90 ni siku 180. Ni miezi sita, na hiyo ndiyo ahadi yenyewe! Tena hata ahadi hiyo haitimizwi kwa kila mtu.

Na Marekani? Huko matibabu yana bei kali. Lakini mwaka 1986 walitoa sheria: mtu akifika kwenye chumba cha wagonjwa wa haraka, hospitali lazima impime, na akiwa katika hatari imtunze mpaka hatari ipungue. Haina ruhusa kumwacha akingoja juu ya ulizo la pesa. Deni linaweza kumfuata baadaye mpaka nyumbani, lakini uzima wake unatangulia.

Basi tumeona nini? Pesa nyingi, majumba makubwa na mashini haviondoi kungoja. Kila mahali wagonjwa ni wengi kupita wanganga. Kwa hiyo ulizo kubwa si hili: "Tutafanya nini ili mtu asingoje?" Ulizo ni hili: "Ni nani anaweza kungoja bila hatari, na ni nani hawezi?"

MSTARI WA BOMBA NA MSTARI WA HOSPITALI

Kwenye bomba la maji tunapanga mabidoni. Aliyefika kwanza anachota kwanza. Ni haki, maana wote wanatafuta kitu kimoja. Lakini nyumba ya jirani ikishika moto, nani atasema, "Ngoja kwanza bidoni yangu ijae"? Hakuna. Wote wanaacha nafasi, na maji yanakimbizwa kwenye moto.

Hospitali haifanani na bomba siku zote. Katika benchi moja wanakaa mtoto mwenye upele, mtoto mwenye kikohozi kidogo, na mtoto ambaye moto unawaka ndani yake. Tukifuata numero tu, mtoto wa tatu anaweza kufa mikononi mwa mama yake, na munganga yuko nyuma ya mlango hatua kumi tu.

Jambo hilo lilionekana zamani. Miaka zaidi ya 200 iliyopita, katika vita vya Napoleon, munganga mmoja Mfaransa, jina lake Dominique Jean Larrey, aliwatunza waliojeruhiwa kwa ukali wa jeraha, bila kutazama kama ni mkubwa wa jeshi ao askari wa chini. Kazi hiyo ya kuchagua, wanganga wanaiita kwa Kifaransa triaji. Wamama wanaochagua mbegu za kahawa wanalijua neno hilo. Munganga naye anachagua, lakini hatupi mtu hata mmoja. Anatafuta tu nani aingie kwanza.

Katika Canada, toka mwaka 1999, wanawapanga wagonjwa wa haraka kwa vikundi 5. Wa kwanza anatunzwa mara moja. Wa pili anafaa kuonwa na munganga katika dakika 15. Wa tatu, dakika 30. Wa nne, saa 1. Wa tano, saa 2. Aliyefika saa mbili asubuhi na jino linalouma kidogo atampisha aliyefika saa nne akitokwa na damu. Huko hakuna anayesema, "Ni ndugu yao."

HABARI NJEMA KUTOKA MALAWI

Labda utasema: "Hayo ni mambo ya wazungu." Basi sikia habari ya Malawi, inchi ya Afrika isiyo na mali nyingi.

Katika mji wa Blantyre kuna hospitali kubwa inayoitwa Queen Elizabeth. Watoto wengi sana walikuwa wanaletwa pale, na mstari ulikuwa mrefu. Kila watoto 100 waliolazwa, waliokufa walikuwa kati ya 10 na 18. Karibu mwaka 2001 wanganga walibadilisha njia ya kupokea. Walifundisha wafanyakazi kutambua alama za hatari mara mtoto anapofika. Walipanga vizuri zaidi mahali pa kupokelea wagonjwa. Wale wa kupokea na wale wa kulaza wakashirikiana zaidi. Baadaye, kati ya watoto 100 waliolazwa, waliokufa walikuwa 6 mpaka 8.

Mama, fikiri neno hilo. Sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa kutazama mtoto upesi na kumpitisha mbele aliye katika hatari. Ndiyo sababu mwaka 2005 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa kitabu cha kufundisha kazi hiyo kwa wanganga wa mahali pengi. Watoto wengi wanaokufa hospitalini hufa katika siku ya kwanza, ndani ya saa 24. Saa za benchi ni saa za thamani.

ALAMA ZISIZOPASWA KUNGOJA

Mtoto akiwa na hata alama moja kati ya hizi, usikae kwenye benchi. Ingia, ita mtu:

1. Hapumui vizuri: anavuta pumzi kwa nguvu, mbavu zinaingia ndani, ao ulimi na midomo vimekuwa rangi ya buluu.
2. Anatetemeka kwa degedege, ao ametoka kutetemeka leo.
3. Amelegea, haamki vizuri, hajui mama yake.
4. Hawezi kunyonya wala kunywa.
5. Anatapika kila kitu.
6. Anahara, na macho yameingia ndani; ukivuta ngozi ya tumbo inarudi pole pole.
7. Mikono na miguu ni baridi, naye amelegea.
8. Anatoka damu nyingi.

Na hawa nao wasikae nyuma ya mstari, waonwe mapema: mtoto mchanga ambaye hajapata miezi miwili na ni mgonjwa, mtoto mwenye moto mkali sana, mtoto ambaye viganja vya mikono vimekuwa vyeupe kwa kukosa damu, aliyeungua, aliyekunywa petroli ao sumu, aliyekonda sana ao kuvimba miguu miwili, na yule aliyetumwa na kituo kingine akiwa na barua.

Kwa mama mwenye mimba ao aliyezaa karibuni: damu nyingi, degedege, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, moto mkali, maji kutoka kabla ya uchungu kuanza, mtoto kuacha kucheza tumboni, ao uchungu uliopita usiku mzima bila kuzaa. Mama wa namna hiyo hangoji.

SEMA, USINYAMAZE

Wamama wengine wanaogopa. Wanasema moyoni, "Nikipita mbele watanigombeza." Wanakaa kimya na mtoto amefunikwa kwa kitenge mpaka usoni. Munganga anapita, anaona kitenge tu. Hawezi kutambua kisichoonekana.

Kwanza, funua uso wa mtoto. Pili, sema neno fupi na wazi. Usianze na habari ya juma zima. Fanya hivi:

"Hodi, munganga. Samahani. Huyu mutoto yangu anapumua mbiyo, na toka usiku hanyonyi."

"Ana miezi ngapi, mama?"

"Miezi tano."

"Ingia naye hapa."

Maneno machache tu, na mtoto ameingia. Kama wa kwanza hakusikia, sema kwa mwingine: yule anayepima kilo, yule anayeandika fishi, hata mlinzi wa mlango. Usione haya. Huo si ukosefu wa heshima.

Na wewe uliye karibu naye kwenye benchi, una kazi pia. Ukiona mtoto wa mwenzako amelegea, usigeuze uso. Mwambie: "Dada, simama, twende mbele." Labda yeye ni mgeni, labda ni binti mwenye mtoto wa kwanza na hajui. Sauti yako inaweza kuwa dawa ya kwanza.

Lakini tuseme kweli yote. Kuna mahali watu wanapitishwa mbele kwa sababu ya urafiki ao ya kitu kidogo mkononi. Hiyo si triaji, hiyo ni kuiba nafasi ya mgonjwa. Una haki ya kuuliza kwa upole: "Munganga, yule ana hatari gani?" Si lazima akuambie ugonjwa wa mtu, lakini kama ni hatari kweli, atakujibu bila hasira.

KUNGOJA KUBAYA ZAIDI KUNAANZA NYUMBANI

Mwaka 1994 watu wawili wenye elimu, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya vifo vya wamama wenye mimba. Walionyesha kuchelewa kwa namna tatu. Kwa kwanza ni kukata shauri: tunangoja bwana arudi, tunangoja mama mkwe aseme, tunangoja dawa ya miti ifanye kazi. Kwa pili ni njia: mlima, matope, kukosa moto ya kubeba mgonjwa, kukosa vijana wa kubeba kipoyi. Kwa tatu ni hospitalini, kwenye benchi.

Tunagombana sana juu ya kuchelewa kwa tatu. Kwa kwanza tunakusahau, na mara nyingi kunakula siku mbili ao tatu. Kwa hiyo ongea na bwana yako leo, wakati wote ni wazima. Muulize: "Mtoto akishikwa na degedege usiku na wewe haupo, nina ruhusa kwenda?" Jibu lipatikane mbele. Wekeni franka kidogo pembeni kwa ajili ya njia. Jueni mwenye moto ni nani, na wabebaji wa kipoyi ni nani.

WAKATI UNANGOJA

Kama mtoto wako hana alama za hatari, ngoja kwa uvumilivu, lakini usingoje bure:

– Endelea kumnyonyesha. Anayehara, mpe maji ya dawa ya kuhara kidogo kidogo. Usipoipata, chukua litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe sawasawa bila kilima.
– Akiwa na moto, mvue nguo nzito.
– Mtazame tena na tena. Mtoto aliyekuwa vizuri saa mbili anaweza kuwa na alama ya hatari saa tano. Ikitokea, simama useme.
– Akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, ita mtu.
– Weka fishi yake mkononi, si chini ya kikapu.

Basi, mama, siku nyingine ukimwona mwenzako aliyefika nyuma anaingia mbele, tazama kwanza mtoto aliye mikononi mwake. Ukiona moto unawaka pale, sogeza bidoni yako, umwachie nafasi. Na siku moto ukiwaka kwako, simama bila haya, hata kama numero yako ni ya mwisho.