Aliyedokoa na Aliyesema

"Umemwona, au unamchongea?"

Mama muuza karanga wa mtaa wa Biryogo, Kigali, aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye sinia lake. Mtoto wa miaka kama minane alikuwa amemkimbilia na habari kwamba mwenzake amedokoa. Huyo mwenzake alisimama hatua tatu nyuma, mkono mmoja mfukoni, shavu limetuna.

Swali hilo nimekaa nalo wiki nzima. Kudokoa si kuiba hasa, ndivyo tunavyopenda kuamini. Ni kutwaa kwa ncha za vidole mwenyewe akigeuka: mnofu sufuriani, sukari kwenye kopo. Kuchomoa ni kazi ya mfukoni, penye msongamano wa watu. Kukwapua kunataka mbio. Ndiko kunakopoteza simu barabarani, na Wanyarwanda wanakuita gushikuza. Kadiri kitu kinavyokuwa kidogo ndivyo neno linavyolainika, hata mwizi akatoka mikononi mwetu akiwa mtundu tu.

Anayemsema mwenzake hatumlainishii hivyo. Mtoto akisema "nitakusema kwa mama", tayari wenzake wanamtenga. Akikua ataitwa mchongezi, mmbea, na Dar es Salaam wataambiana kwamba amewachoma. Kiingereza cha mtaani nacho humwita panya, au nyasi, huku aliyeiba akisemwa kwamba amefinya tu. Na tazama jinsi kudokoa kulivyo jirani na kudukua, kunyemelea siri za watu, neno ambalo siku hizi tumewapa wezi wa kompyuta.

Hapa Kigali jambo hili lina uchungu wake, kwa sababu lugha yenyewe ilipakwa matope. Kiswahili kilikuwa cha Nyamirambo na Biryogo, cha wafanyabiashara na Waislamu, na kwa miaka mingi kumwita mtu Mswahili kulimaanisha mjanja, mtu wa kumchungia mfuko. Mwezi Februari 2017 Bunge la Rwanda lilikipigia kura kiwe lugha rasmi, na nilifurahi sana. Hata hivyo bado wapo wanaokisikia wakashika pochi. Ni dhuluma, na nitaisema kila nitakapopata nafasi: lugha yenye maneno mengi ya wizi ni lugha iliyowatazama wezi kwa makini, si lugha iliyowazaa.

Lakini ni nchi hii pia iliyolazimika kulijibu swali la mama wa karanga kwa sheria. Mahakama za kijamii za Gacaca, zilizofungwa rasmi Juni 2012, zilisikiliza kesi takriban milioni 1.96 za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Zaidi ya milioni 1.3 kati yake zilikuwa za mali: ng'ombe waliochinjwa na kuliwa, milango iliyong'olewa, mabati yaliyoezuliwa. Simaanishi kwamba hilo lilikuwa kudokoa. Ulikuwa uporaji, gusahura kwa Kinyarwanda, na mara nyingi mwenye nyumba alikuwa ameuawa au yuko mafichoni. Ila mikono iliyobeba bati moja moja ilikuwa ya majirani, na waliojua ni majirani.

Sheria ya Gacaca ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 29, iliweka adhabu ya miezi mitatu hadi sita gerezani kwa anayeficha alichokiona. Kifungu hichohicho, adhabu hiyohiyo, kilimhusu pia anayemsingizia mwenzake. Aliyenyamaza na aliyechongea waliwekwa benchi moja. Sijui lugha nyingine ya kisheria iliyoyaweka mambo hayo mawili karibu namna hiyo, na naona waliokiandika walijua vizuri mtaa unavyoishi.

Kisha watu wakakaa nyasini, mbele ya waamuzi walioitwa inyangamugayo, yaani wenye kuchukia aibu, waliochaguliwa na wenzao. Mtu akasimama mbele ya jirani aliyesalia, akaulizwa alichukua nini, akaanza kuhesabu: mabati mangapi, mlango upi, ng'ombe wa nani, na nani alikuwa naye siku ile.

Mtoto wa Biryogo alijibu haraka. "Nimemwona." Mama akaweka sinia chini, akamwita yule mwingine kwa kidole.

"Toa mkono mfukoni, mwanangu. Tuhesabu."