Mtihani wa shingo

Mwanafunzi wangu mmoja aliendesha lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka 17. Mlima wa Kitonga anaujua kona kwa kona, jua likiwaka na ukungu ukitanda. Alipohamia Uingereza akaenda kufanya mtihani wa gari dogo, akaendesha dakika 40 bila kugusa ukingo wa barabara, na akafeli. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. "Mwalimu, yule mama mtahini anasema siangalii. Ningekuwa siangalii, Tunduma ningefikaje?"

Nafundisha udereva huku, na malalamiko ya aina hiyo nimeyasikia kwa watu wa Mwanza, Nairobi na Kampala. Karibu wote wanajua kuendesha. Ndiyo maana wanaumia.

Kwanza sheria, maana wengi hujikwaa hapo kabla hata ya kushika usukani. Ukiwa na leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda, unaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa miezi 12 tangu siku ulipoanza kuishi huku. Hesabu inaanza na makazi, hivyo kwenda likizo Dar na kurudi hakukuongezei mwaka mwingine. Muda huo ukiisha, leseni ya nyumbani inabaki kuwa kitambulisho tu. Zipo nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani, zikiwemo Afrika Kusini na Zimbabwe. Zetu hazimo. Wengi hudhani kwa kuwa sisi pia tunapita kushoto tutapokewa kindugu, lakini Kanada na Korea Kusini wanapita kulia na leseni zao zinabadilishwa. Upande wa barabara hauhusiki kabisa.

Kwa hiyo omba leseni ya kujifunzia mapema, mwaka ukiwa bado mbichi. Kwa viwango vya 2025 ilikuwa pauni 34 ukiomba kwa intaneti. Mwaka ukiisha hujafaulu, wewe ni mwanafunzi kama kijana wa miaka 17: kibao cha herufi L mbele na nyuma, na pembeni yako mtu aliyefikisha miaka 21 na mwenye leseni kwa miaka 3 au zaidi. Ukiendesha peke yako, bima haikulindi tena, na polisi wanaweza kulichukua gari papo hapo. Tangu Uviko-19, foleni ya mtihani wa barabarani imekuwa ya miezi, na walanguzi wamejaa wanaouza nafasi kwa bei ya kuruka. Anayesubiri mwezi wa kumi tangu aingie ndipo aanze, keshachelewa.

Mtihani wa nadharia una maswali 50, na unatakiwa upate 43. Tangu Aprili 2014 ni kwa Kiingereza au Kiwelisi tu. Maswali hayo yanasomeka, yanakaririka. Kitanzi kipo kwenye sehemu ya pili, ya kutambua hatari. Unaonyeshwa video 14 fupi, na unabofya unapoona hatari inaanza kujitokeza. Ukiwahi kuiona unapata alama 5, na kadiri unavyochelewa zinapungua mpaka sifuri. Video moja ina hatari mbili, hivyo jumla ni 75, na ili ufaulu unahitaji 44.

Sasa mchukue dereva aliyezoea bodaboda kuchomoza popote. Anaona mtoto amesimama na mpira kando ya njia, anabofya palepale. Kompyuta haihesabu, kwa sababu hatari kwao ni lile jambo linalokulazimisha upunguze mwendo au ukwepe. Mtoto aliyesimama bado si hatari. Mtoto anayeanza kutembea kuelekea barabarani ndiye. Dereva wetu alishaona, akabofya na kutulia, akapewa sifuri kwa kuwahi. Dawa yake ni kubofya ukiona, na kubofya tena jambo linapoanza kugeuka. Usibofye mfululizo kama anayepiga ngoma tu, kompyuta ikihisi unabahatisha inafuta alama za video hiyo nzima.

Barabarani mambo yanageuka. Kwenye video uliadhibiwa kwa kuona mapema. Sasa unaadhibiwa kwa kuona kimya kimya. Makosa madogo unaruhusiwa mpaka 15, lakini kosa kubwa moja tu linatosha kukurudisha nyumbani. Karibu nusu ya watahiniwa wote hufeli, Waingereza wenyewe wakiwemo, na makosa yanayoongoza mwaka baada ya mwaka ni kutoangalia vya kutosha kwenye makutano na kutotumia vioo wakati wa kubadili mwelekeo. Si breki, si klachi. Wala si kupishanisha mikono kwenye usukani, jambo ambalo watu huliogopa bure. Ukilidhibiti gari, mtahini hana neno.

Dereva mwenye uzoefu wa miaka 17 anaangalia kwa kona ya jicho. Kichwa hakitikisiki. Mtahini, ambaye haoni ndani ya mboni zako, anaandika kwamba hukuangalia. Anataka aone kioo cha kati, kioo cha pembeni, ndipo indiketa, kisha kichwa kigeuke kutazama lile eneo ambalo kioo hakilionyeshi.

Kwenye kipilefti ndiko nilikotumia muda mwingi na mwanafunzi wangu. Kanuni anaijua, kumpisha anayetoka kulia. Lakini Dar kipilefti kina askari wa trafiki, na asipokuwepo, hupita anayetanguliza pua. Huku anayetanguliza pua anafeli, na anayesubiri wakati njia ni nyeupe naye anahesabiwa kosa, la kusitasita. Kuna pia vipilefti ambavyo ni duara la chokaa tu lililochorwa lamini, bila bustani wala ukingo. Alikipita cha kwanza katikati kama tuta.

Lugha ya taa nayo inabidi kuisahau. Kwenye barabara kuu ya nyumbani, lori likiwasha indiketa ya kulia bila kona mbele, linamwambia wa nyuma asithubutu kupita. Huku maana yake ni moja, naelekea kulia. Kumulika taa kwetu aghalabu ni onyo kwamba napita mimi. Huku kanuni zinasema ni kumjulisha mwenzio kwamba upo, ila madereva wengi humulika wakimaanisha pita wewe. Mawazo hayo mawili yakikutana kwenye njia nyembamba, kila mmoja ataona mwenzake ndiye mwehu. Nawaambia wanafunzi wangu wasiitii taa ya mtu. Waangalie magurudumu yake kama yanasimama.

Tulifanya kazi wiki sita, na sikumfundisha kuendesha. Nilimfundisha kutaja kwa sauti kila anachokiona, kioo, baiskeli, mlango wa gari unafunguka, mpaka akawa kama mtangazaji wa mpira. Siku ya mtihani wa pili alinyamaza, lakini kichwa kiliendelea na utangazaji. Makosa madogo yalikuwa 4.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza anajisikiaje. Akasugua kisogo. "Shingo, mwalimu. Shingo ndiyo inaniuma."