Kizazi Kimeshatolewa, Nini Tena Kinashuka?

Nilitolewa kizazi Mombasa kwa sababu ya uvimbe, nikajua maradhi ya chini nimeagana nayo. Miaka ikapita, nikahamia Blacktown, magharibi mwa Sydney, nikapata kazi ya kuhudumia wazee. Asubuhi niko sawa. Jioni, baada ya kutwa ya kuinua watu, nahisi kama nimekalia yai, na mkojo hauishi.

Kinachoshuka ni kilele cha uke chenyewe, aghalabu pamoja na kibofu au utumbo. Kizazi kikitolewa, kano zilizokishikilia hukatwa, kisha daktari huzishonea kwenye kilele hicho. Uzazi wa mara nyingi, umri, kikohozi sugu, choo kigumu na mizigo mizito huzilegeza.

Daktari hakukimbilia kisu. Alinivalisha pete ya silikoni ukeni, na mtaalamu wa mazoezi akanifundisha kukaza misuli ya nyonga. Wengi hutoshelezwa na hayo. Mimi pete ilinidondoka kila nikienda chooni.

Ndipo akachukua karatasi akanichorea njia za upasuaji. Njia moja hupitia ukeni: kilele hushonwa kwa nyuzi kwenye kano imara ya ndani ya nyonga, na tako huweza kuuma kwa wiki kadhaa. Nyingine hupitia matundu madogo tumboni: kilele huning'inizwa kwenye mfupa wa chini ya mgongo kwa kipande cha wavu wa plastiki. Hii hudumu zaidi. Asiyehitaji tena tendo la ndoa huweza kufungwa uke.

Niliposikia wavu, moyo ulinipasuka. Australia nzima inajua habari hiyo. Wanawake wengi waliowekewa nyavu kupitia ukeni walibaki na maumivu yasiyokwisha, wavu ukichomoza kwenye nyama. Novemba 2017 mamlaka ya dawa na vifaa tiba iliamua kuziondoa sokoni nyavu hizo za kutibu kushuka kwa viungo. Novemba 2019, Jaji Anna Katzmann wa Mahakama ya Shirikisho aliamua kwamba kampuni za kundi la Johnson & Johnson zilizouza baadhi ya nyavu hizo, zilizembea na hazikuwaonya wanawake ipasavyo. Mwaka 2022 zikakubali kulipa dola milioni 300 za Australia. Kwangu hukumu ile ni heshima waliyocheleweshewa.

Uamuzi ule wa 2017 haukugusa wavu wa kupitia tumboni, lakini nao una hatari zake. Kwa hiyo muulize daktari waziwazi: utaniwekea wavu? Utaupitisha wapi? Ukinidhuru, nani atautoa?

Mimi nilichagua nyuzi. Nilipopasuliwa, kesho yake nilitolewa kitambaa nilichowekewa ukeni na mpira wa mkojo, nikakatazwa kunyanyua hata kapu la nguo kwa wiki sita.

Shoga yangu atokaye Bujumbura, mwenye tatizo hilihili, hospitalini alikuwa akitafsiriwa na bintiye, na yako maneno mama hawezi kuyatamka mbele ya mwanawe. Hospitali za umma hapa huita mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Mwombe siku unayopanga miadi, na useme unataka mwanamke.